Udhu mmoja, takbira moja: namna ya kuachana na waswasi wa ibada

Waswahili husema wasiwasi ndiyo akili. Msemo huo unamfaa anayehesabu chenji kabla ya kutoka dukani. Ukiupeleka bombani wakati wa kutawadha, unageuka sumu. Mtu ameosha mkono mara tatu, anajiuliza kama kiwiko kimepata maji, anaosha tena. Ikama, wito wa kuanza swala, imekwisha, swala ya jamaa imefika rakaa ya pili, naye mguu bado uko bombani.

Hali hii ina jina lake katika dini: waswasi, neno lilelile lililozaa "wasiwasi" wa kila siku. Ni ule mnong'ono unaotajwa katika Suratun-Nas. Huwashika sana walioanza karibuni kuikaza dini: kijana aliyerudi msikitini baada ya miaka ya kupotea, dada aliyejiunga na darsa na kusikia sharti za udhu zikichambuliwa kwa mara ya kwanza, mtu aliyesilimu na sasa anaona kila afanyacho kina hukumu. Haina maana kwamba imani yao ni ndogo. Asiyeijali swala yake hapotezi dakika 20 akijiuliza kama niya ilikaa. Mnong'ono hulenga pale mtu anapopathamini, na elimu mpya humpa maswali mengi kabla haijampa mazoea ya kuyapima.

Shika hili kabla ya mengine yote: waswasi hauponi kwa kutafuta uhakika zaidi. Kila unaporudia, moyo hutulia dakika moja au mbili, na utulivu huo ndio mshahara wa shaka. Akili inajifunza kwamba ikipiga kelele italipwa, kwa hiyo kesho inapiga mapema zaidi na kudai zaidi. Leo umerudia mkono, wiki ijayo udhu mzima, mwezi ujao unaoga upya. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 16, alipoulizwa dawa ya waswasi alijibu kwamba ni kuupuuza kabisa, hata kama shaka yenyewe imo moyoni. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wengi wanayoyaruka. Wanangoja shaka iondoke kwanza ndipo waendelee, kumbe inatakiwa uendelee nayo ikiwa bado ipo.

Shaka ya kawaida, na ile isiyo ya kawaida

Kila mtu husahau. Ukiswali adhuhuri umechoka, ukakosa kukumbuka kama uko rakaa ya tatu au ya nne, na jambo hilo hukutokea kwa nadra, fiqhi, elimu ya hukumu za ibada, imeshakupa njia: chukua idadi ndogo, kamilisha, kisha sujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Ndivyo ilivyo katika hadithi ya Abu Said al-Khudri. Kanuni iliyo nyuma yake ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ulikuwa na udhu? Unao, mpaka ujue kwa hakika umetenguka. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu mtu anayedhani kitu kimemtoka ndani ya swala, akasema asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Tazama kipimo hicho: sikio na pua. Hisia za tumboni hazikutajwa.

Waswasi una alama zake. Unakuja kila siku, na karibu kila mara kwenye jambo lilelile. Jibu ulilopewa jana na shehe halikai hadi leo. Unaanza kuwaficha watu muda unaokaa chooni. Kama bado huna hakika ni ipi kati ya hizo mbili, jiulize hivi: ningemwona ndugu yangu amefanya kama nilivyofanya mimi, ningemwambia arudie? Ukijibu "la, kwake ingetosha", basi na kwako imetosha.

Hapa kuna mtego wanaouangukia hata wenye elimu. Ile kanuni ya kuchukua idadi ndogo ikipewa mtu wa waswasi, atakuwa anaongeza rakaa kila siku. Wanachuoni wa Kimaliki wamemtenga mtu huyu kwa jina, mustankih, yaani anayejiwa na shaka walau mara moja kila siku, wakasema aipuuze na ahesabu kwamba amekwisha fanya. Watu wengi wa pwani yetu ni Washafi, na si lazima uhame madhehebu. Mwombe mwalimu wako akuambie waziwazi, mara moja tu, kama wewe unahesabiwa katika kundi hilo. Jibu lake liandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Udhu: pima maji, si hisia

Anza hapa, kwa sababu udhu unaonekana na unapimika. Hadithi ya Anas inaeleza kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja (mudi nne) hadi mudi tano. Mudi moja, kwa vipimo vya leo, ni kati ya nusu lita na robo tatu ya lita, kutegemea anayekadiria. Kwa hiyo chukua chupa ya lita moja, ijaze, funga bomba, na utawadhe kwa hiyo tu. Lita moja inazidi mudi kwa makadirio hayo, kwa hiyo huna sababu ya kusema maji hayakutosha. Istinja, yaani kujisafisha baada ya haja, haimo humo, ifanye kando na uimalize.

Kwa Mshafi, nguzo za udhu ni sita: niya, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio. Kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna. Kuosha mara tatu pia ni sunna, na imethibiti kwamba Mtume aliwahi kutawadha kwa kuosha kila kiungo mara moja moja. Kuzidisha zaidi ya tatu kumekemewa: kuna hadithi ya bedui aliyeonyeshwa udhu wa mara tatu tatu, kisha akaambiwa kwamba atakayezidisha amefanya vibaya na amevuka mpaka. Mtu wa waswasi anaona mara ya nne ni tahadhari. Kwa mizani ya hadithi hiyo, ya nne ni kosa.

Kwa wiki mbili za mwanzo, osha kila kiungo mara moja tu. Ndiyo, acha sunna ya tatu kwa muda. Ukiosha mara tatu ukiwa na waswasi unapoteza hesabu, na hapo ndipo mlango unapofunguka. Mara moja haina hesabu ya kupotea. Maji yapite, mkono mwingine uyasambaze, nenda kiungo kinachofuata. Usiangalie nyuma. Usiinue kiwiko kwenye mwanga kutafuta sehemu kavu. Chupa ikiisha kabla ya miguu, kesho mimina kidogo zaidi kwenye miguu na kidogo kwenye uso. Leo ongeza nusu kikombe, umalize. Chupa isipoisha, maji yaliyobaki mwagia mti.

Kinachoharibika hapa mara nyingi ni chupa ya pili. Mtu anamaliza vizuri, anavaa viatu, moyo unamwambia "kisigino", anarudi kujaza. Kurudi huko kunafuta kazi yote ya ile ya kwanza, maana akili imejifunza kwamba ukaidi wa dakika tano unatosha. Kwa hiyo chupa iache chooni, toka, na uende moja kwa moja kwenye msala. Hisia ya kisigino itapanda, itakaa, kisha itashuka yenyewe. Siku za mwanzo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Swali ukiwa nayo.

Josho la janaba ni hivyohivyo. Nusu ya ndoo ya lita 20 inazidi pishi mara kadhaa. Faradhi zake ni niya na maji kufika mwilini kote. Mengine ni ukamilifu.

Matone

Hili linaonewa haya, kwa hiyo watu huhangaika nalo peke yao miaka na miaka. Baada ya haja ndogo ngoja kidogo kama kawaida yako, kohoa mara moja ukipenda, jitahirishe, inuka. Usikamue, usirukeruke, usiweke karatasi na kuikagua. Kukamua kwenyewe huleta majimaji, na kukagua huleta hisia ya unyevu mahali pasipo na kitu. Ukimaliza, nyunyiza maji kidogo kwenye nguo ya ndani upande wa mbele. Kufanya hivyo kumepokewa katika sunna, na faida yake ni kwamba ukihisi unyevu baadaye unajua ni maji uliyoyanyunyiza mwenyewe.

Kama mkojo kweli unatoka bila hiari na unauona kwenye nguo siku nyingi, basi ni ugonjwa, nao una hukumu yake ya wepesi: unajisafisha, unafunga kitambaa, unatawadha baada ya wakati wa swala kuingia, unaswali faradhi hiyo hata mkojo ukitoka. Mwone na daktari. Wanawake wanaokagua pamba mara kumi ili kujua kama hedhi imekatika wapange na mwalimu wao wa kike nyakati maalumu za kukagua, na nje ya nyakati hizo wasiguse.

Niya na takbira

Simama nyuma ya msikiti wowote utamwona: "Usalli fardha... Usalli... Usalli fardhal..." Mkono unapanda, unashuka, unapanda. Imamu ameshamaliza Alhamdu.

Mahali pa niya ni moyoni. Kutamka "usalli" kwa Mshafi ni kitu kizuri cha kuusaidia moyo, wala swala haisimami juu yake. Ulitoka kitandani alfajiri, ukatawadha, ukasimama kuelekea kibla: ulikuwa unakwenda kufanya nini, kupika? Niya ipo. Ugumu unatokana na maelezo ya vitabu kwamba niya iambatane na takbira, na mtu anajaribu kuibana niya nzima ndani ya "Allahu Akbar", neno kwa neno. Hakuna anayeweza. Wakubwa wa madhehebu wenyewe, akiwemo Nawawi, walichagua kauli kwamba yatosha uambatano wa kawaida, ule ambao watu wangesema huyu amehudhuria swala yake na hakughafilika. Kwa mwenye waswasi, hiyo ndiyo ya kufuata.

Fanya hivi. Simama. Acha kutamka usalli kwa mwezi mmoja. Sema kimoyomoyo "adhuhuri", neno moja tu. Inua mikono, sema Allahu Akbar kwa sauti ya kawaida usiyoibana kooni, na mara tu ufunge mikono anza Alhamdu. Usiache nafasi, kwa sababu shaka huingia kwenye nafasi hiyo. Ukihisi takbira haikukaa, swali hivyohivyo. Jamaa inasaidia sana, kwa sababu imamu hakungoji.

Katika Alhamdu, herufi zinazosumbua ni dhadi ya "dhaallin" na ayni ya "na'budu". Rekebisha matamshi madrasani, mbele ya mwalimu, kwa wakati wake. Ndani ya swala hakuna kurudia neno. Na ukishatoa salamu, shaka juu ya kilichopita haitazamwi. Vitabu vya Kishafi vinaitoa shaka ya niya na takbira nje ya kanuni hiyo, na mtu wa waswasi akilisoma hilo hulala nalo. Ile karatasi ya mwalimu kwenye kabati ndiyo kazi yake hapo.

Fikra chafu, na "mimi mnafiki"

Wengine bomba haliwasumbui. Kinachowatesa ni maneno ya kukufuru yanayopita kichwani ndani ya sijda, au taswira wasizoweza kumwambia mtu. Masahaba walimlalamikia Mtume kwamba hupata nafsini mwao mambo ambayo mtu huona ni makubwa mno kuyatamka. Aliwauliza kama kweli wameyapata, waliposema ndiyo, akawaambia hiyo ni imani ya wazi. Yaani yale machungu uliyoyaona ndiyo dalili. Na kwa yule anayejiwa na swali la nani aliyemuumba Mwenyezi Mungu, agizo lilikuwa ajikinge kwa Allah na akome. Akome: asijadili, asitafute hoja, asipekue video usiku kucha.

Miongoni mwa Masahaba haohao yumo Uthman bin Abil-As, aliyelalamika kwamba shetani anamvuruga kisomo. Akaelekezwa ajikinge kwa Allah na ateme kwa pumzi upande wa kushoto mara tatu. Lifanye mara moja na uendelee. Tunasisitiza mara moja kwa sababu wapo waliogeuza dawa kuwa ugonjwa: "audhubillahi" mara 33, wakikosea hesabu wanaanza upya, au shahada kumi kila fikra ikipita "ili nirudi kwenye Uislamu". Hukutoka. Anayerudisha shahada kwa kila fikra anaiambia nafsi yake kwamba kila fikra inamtoa.

Kuhusu unafiki, kumbuka Hanzala, naye sahaba wa Mtume. Alitoka barabarani akisema Hanzala amenafikika, kwa sababu akiwa kwa Mtume huona pepo na moto kama kwa macho, akirudi kwa mke na watoto na shamba husahau mengi. Abu Bakr akamwambia hata sisi tunapata hivyo. Wakaenda pamoja, na jibu likawa kwamba wangedumu katika hali ile malaika wangewapa mikono vitandani na njiani, lakini ni saa kwa saa. Kupungua kwa hamasa baada ya miezi mitatu ya kushika dini ni jambo la kutarajiwa. Kosa la wengi ni kwamba walianza na mzigo wa Ramadhani mwezi wa Rajabu: juzuu moja kwa siku, tahajudi kila usiku, saumu ya Jumatatu na Alhamisi. Ukishindwa, usijihukumu kwa kilele ulichokifikia siku moja. Kata: faradhi tano, witri rakaa moja, ukurasa mmoja wa Qur'ani. Kaa hapo siku 40 kabla ya kuongeza chochote.

Ngazi ya kupandia

Usishambulie yote kwa pamoja. Andika mambo yako kumi yanayokutisha, kila moja ulipe alama kati ya 0 na 10 kwa hofu linayoleta. Anza na ya 3 au 4, kwa mfano kutoka chooni bila kukagua nguo. Fanya kila siku mpaka hofu ishuke kwa nusu, kwa kawaida siku tano hadi kumi, kisha panda. Kila usiku andika tarakimu mbili tu: dakika za udhu, na idadi ya takbira ulizorudia. Usiandike hisia. Ukianza na dakika 25 ukafika 12 ndani ya wiki tatu, umekwenda vizuri, hata kama moyo unasema hakuna kilichobadilika.

Watu wa nyumbani wanahitaji kuelezwa, kwa sababu wanalisha waswasi kwa huruma. Mtoto anauliza, "Mama, uliniona nikipaka kichwa?" Mama anajibu "nimekuona", na kesho ataulizwa mara nne. Mkubaliane siku ya utulivu, kisha jibu liwe: "Mwanangu, hilo tulikubaliana silijibu. Nenda kaswali." Bila ukali na bila kumcheka. Kumwita mtu huyu "mwehu wa udhu" kunamrudisha chooni kwa kujificha.

Mwalimu awe mmoja. Anayeuliza mashehe watatu na kisha simu yake usiku anapata majibu manne, na tofauti ndogo kati yao inakuwa chakula cha mwezi mzima. Mwalimu mwenyewe akijibu swali lilelile kwa mara ya tano, naye amekuwa sehemu ya mzunguko. Heri aseme, "Nimeshakujibu."

Kama waswasi unakula zaidi ya saa moja kwa siku, umekuachisha kazi au shule, au ngozi ya mikono imepasuka kwa maji, nenda hospitali sambamba na hatua hizi. Kuna kliniki za afya ya akili katika hospitali nyingi za mikoa, na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mathari jijini Nairobi na Kidongo Chekundu huko Unguja zina wataalamu. Mwambie daktari waziwazi: "Narudia udhu mara kadhaa, siwezi kuacha." Ukisema tu una mawazo mengi, huenda ukapewa kitu cha usingizi tu. Dawa kama fluoxetine huweza kuhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kujulikana kama inakufaa, kwa hiyo usiiache wiki ya tatu. Wala kuinywa si kukosa tawakuli, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, kama ambavyo mgonjwa wa kisukari hakosi tawakuli kwa sindano yake.

Waswasi hurudi kwa vipindi. Ramadhani ndiyo maarufu: mate. Kumeza mate yako mwenyewe hakufunguzi, na anayetematema mchana kutwa anajikausha koo bure. Sukutua wakati wa udhu kwa wepesi bila kuyavutia maji kooni, tema mara moja, basi. Ukiona dakika za udhu zimepanda tena kutoka 5 hadi 15, usisubiri mfungo uishe. Toa ile chupa ya lita moja, ijaze, funga bomba.